SOKO LA SIMU: Lakiri ikivunjwa ndani ya simu, mtaji nao hupungua

Mnunuzi anayezunguka maduka ya simu ya Darajani na Mlandege mjini Unguja hukutana mara kwa mara na bei mbili kwa simu ya aina moja. Zote mbili ni nzima kwa nje: kioo safi, betri inakaa, kamera haina ukungu. Moja ni nafuu. Muuzaji akiulizwa sababu husema "hii ya Dubai" au "mtumba safi huu", na mazungumzo huishia kwenye kupunguziana shilingi elfu chache. Lakini mara nyingi tofauti yenyewe haiko kwenye kioo wala betri. Iko katika programu iliyomo ndani, na katika swali ambalo wauzaji wengi hawalijibu kwa sababu hawaulizwi: je, programu hiyo bado ina saini ya kiwanda kilichoitengeneza simu?

Zamani swali hilo lilikuwa la mafundi. Limekuwa la wafanyabiashara kwa sababu simu yenyewe imegeuka pochi. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na Zantel ikafuata na Ezypesa iliyoshika sana Visiwani, fedha za muuza samaki wa Malindi na za mwenye nyumba ya wageni Shangani hupita katika kifaa kilekile. Aidha, wapo wenye mitaji midogo, walimu wa skuli, watumishi wa serikali na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao hawauzi simu wenyewe bali humpa fedha msafiri anayekwenda Deira, Dubai, na kugawana naye faida mzigo ukishauzwa. Hawa ndio wanaoumia zaidi, kwani hawauoni mzigo mpaka umeshalipiwa.

Gunia na makonyo

Biashara ya Visiwani inalielewa jambo hili tangu zamani kwa njia ya karafuu. Karafuu hupimwa, hupewa daraja, na gunia hutiwa alama kabla ya kusafirishwa. Mnunuzi aliye ng'ambo hawezi kufungua kila gunia na kuchambua punje moja moja, kwa hiyo huamini alama. Akikuta ushonaji umefumuliwa, hata kama uzito ni ule ule, atashuku kuwa makonyo yamechanganywa njiani, na atashusha bei kabla hajatia mkono ndani.

Famuwea ni gunia la namna hiyo. Ni programu yote ya msingi ambayo kiwanda huiweka katika simu kabla haijatoka: ile inayoiwasha, ile inayoendesha mawasiliano ya laini, pamoja na Android yenyewe. Si WhatsApp wala michezo ambayo mwenye simu hujiwekea. Programu hizo za juu huishi kwa ruhusa ya famuwea, na famuwea huona kila kitu wanachofanya watu kwenye simu, ikiwa ni pamoja na namba ya siri inayobonyezwa wakati wa kutuma fedha.

Lakiri ya famuwea si nta wala risasi, ni hesabu. Kwanza programu yote hupitishwa katika hesabu inayoitwa hashi, ambayo hutoa jibu la urefu usiobadilika. Kwa njia inayotumika sana, SHA-256, jibu huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, iwe programu ni kubwa au ndogo. Ikibadilishwa alama moja tu kati ya mamilioni, jibu hutoka jingine kabisa. Kisha kiwanda huifunga hashi hiyo kwa ufunguo wake wa siri, na kinachopatikana ndiyo saini. Ufunguo wa pili, ulio wazi, huachwa ndani ya simu. Huo wa wazi unaweza kuhakiki saini lakini hauwezi kuitengeneza. Ufundi huu wa funguo mbili ulipata nguvu mwaka 1977, wakati Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT nchini Marekani walipobuni njia ya RSA, ambayo mpaka leo ni miongoni mwa njia zinazotumika kutia saini famuwea za Android.

Kwa lugha ya bandarini, kila ofisa anayo picha ya lakiri halali na anaweza kuilinganisha, lakini muhuri wenyewe wa kugongea umefungiwa katika sefu ya kiwanda. Fundi wa Mkunazini anaweza kuipata famuwea, akaifungua, akaibadili na kuirudisha ndani ya simu. Asichoweza ni kuigongea lakiri ya kiwanda.

Bawabu wa kwanza

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha, kazi ya kukagua lakiri huanza kabla picha yoyote haijatokea. Ndani ya chipu kuu kuna maelekezo machache yaliyochomwa kiwandani ambayo hayafutiki. Hayo huamka kwanza, na kazi yao kubwa ni kuhakiki saini ya programu inayofuata, butiloda. Butiloda ni bawabu wa mlango: huhakiki sehemu ndogo iitwayo vbmeta, ambayo ni kama hati ya mzigo, kwani imeorodhesha hashi za sehemu nyingine za famuwea. Kila mmoja humkagua anayemfuata, na mnyororo ukikatika pahala pamoja, waliobaki nyuma hawapiti.

Sehemu ya Android yenyewe ni kubwa mno kuhesabiwa yote wakati wa kuwasha. Mwenye simu angengoja mpaka akachoka. Kwa hiyo imegawanywa vipande vya baiti 4,096, na kila kipande huhakikiwa pale kinaposomwa. Kazi hiyo hufanywa na kitu kiitwacho dm-verity, kilichoingia katika Android 4.4 mwaka 2013. Android 7.0 ya mwaka 2016 ndiyo iliyokaza na kuanza kukataa kuwaka pale famuwea isipolingana na saini. Mwaka uliofuata, Android 8.0 ilileta utaratibu wa vbmeta pamoja na kinga ya kurudi nyuma.

Kinga hii ya mwisho imewapa mafundi tabu kubwa, na inafaa kuelezwa. Famuwea ya mwaka juzi ina saini halali ya kiwanda. Lakini huenda ina tundu ambalo wezi wamekwisha kulijua, na ambalo kiwanda kimelipiga kiraka katika toleo jipya. Kama simu ingekubali toleo lolote lenye saini, mwizi angeirudisha kwenye toleo la zamani na kupenya humo. Kwa hiyo simu hutunza namba ya toleo la chini kabisa inaloruhusu, na hukataa kilicho chini ya hapo hata kama saini yake ni safi. Katika simu za Samsung namba hiyo husomeka ndani ya jina la toleo: ni alama ya tano ukihesabu kutoka mwisho. Simu iliyofika 5 haishuki tena kwenye 4. Google ilifanya hivyo hivyo kwa simu zake za Pixel 6 mwezi Agosti 2022: aliyepanda Android 13 hakuweza tena kurudi Android 12. Muuzaji anayemwahidi mteja kwamba simu "itarudishwa ya zamani ili iwe nyepesi" anapaswa kuitazama kwanza namba hiyo kabla ya kupokea fedha.

Rangi zinazotokea kwenye kioo

Android inazitambua hali nne, na kila moja imepewa rangi. Kijani ni hali ya kawaida: mlango umefungwa, saini ni ya kiwanda, na simu haisemi kitu. Njano maana yake mlango umefungwa, lakini lakiri ni ya mtu mwingine aliyejiwekea ufunguo wake. Ni nadra kuonekana katika soko la Unguja. Nyekundu maana yake hesabu hazikulingana, na simu ama hukataa kuwaka ama hutoa onyo kwamba imeharibika.

Rangi inayowahusu wafanyabiashara ni ya machungwa. Maana yake butiloda imefunguliwa, bawabu ameambiwa aache kukagua. Simu nyingi zenye chipu za MediaTek, ambazo ndizo zimejaa katika bei za chini, huandika kwa Kiingereza maneno Orange State, kwamba simu imefunguliwa na haiwezi kuaminika, na kwamba itawaka baada ya sekunde 5. Simu ya namna hiyo hupendwa kuletwa mezani ikiwa imeshawashwa. Mnunuzi huitazama picha, hupiga kelele "halo halo" kwenye spika, hulipa, na hukutana na onyo usiku nyumbani chaji inapokwisha.

Si kila simu ya machungwa ina ubaya ndani. Sababu za kufunguliwa ni kadhaa, na baadhi ni za kibiashara tu. Simu zilizotengenezwa kwa soko la China hutoka bila duka la programu la Google. Wauzaji wa kati huzifungua na kuziwekea famuwea ya nchi nyingine ili ziuzike Afrika na Arabuni. Nyingine zilifunguliwa na vijana wanaopenda kujiundia Android yao. Nyingine, na hapa ndipo penye harufu, zilikuwa simu za mkopo. Kampuni zinazokopesha simu huzifunga kwa mbali mkopaji asipolipa. Safaricom na Google walianza mpango wa aina hiyo nchini Kenya mwaka 2020 kwa jina la Lipa Mdogo Mdogo, na mipango kama hiyo ipo Tanzania. Mdaiwa asiyetaka kulipa hutafuta fundi wa kuflashi, na simu yenye deni huvuka bahari na kuuzwa kama mali huru. Anayeinunua ananunua na ugomvi wa watu.

Tatizo la simu ya machungwa ni kwamba mnunuzi hana njia rahisi ya kujua ipi ni ipi. Huenda aliyeifungua hakuweka kitu. Huenda aliweka programu ya kuiba namba za siri. Lakiri haipo, na hakuna wa kuulizwa. Isitoshe, mafundi hodari wanajua kuuondoa ule ujumbe wa sekunde 5, kwa hiyo kutouona hakutoshi kumpa mtu amani.

Hesabu ya dukani

Mfano wa tarakimu za kubuni unaweza kuonyesha uzito wake. Mwenye duka analeta simu 50 zilizotumika, kila moja ikimfikia dukani kwa shilingi 200,000. Mtaji ni shilingi milioni 10. Anatarajia faida ya shilingi 30,000 kwa kila simu, yaani shilingi 1,500,000 kwa mzigo mzima. Zikitokea 8 za machungwa, na wateja wakazirudisha, atalazimika kuziuza kwa mafundi au kwa wasiojali, tuseme kwa shilingi 140,000. Hapo anapoteza shilingi 60,000 kwa kila moja, jumla 480,000. Zilizobaki 42 zinampa 1,260,000. Faida ya mzigo imeshuka hadi shilingi 780,000, karibu nusu, kwa sababu ya simu 8 tu. Na hapo hayajahesabiwa maneno ya mtaani, ambayo Mjini Unguja hutembea upesi kuliko daladala.

Kushuka huko kwa bei si chuki ya bure. Programu za baadhi ya benki na huduma za malipo huuliza kwa njia ya Google kama simu bado ina lakiri yake, na zikijibiwa hapana hukataa kufunguka. Masasisho ya usalama kutoka kiwandani mara nyingi hayaingii tena. Mwizi akiichukua simu iliyofunguliwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuichezea. Na kwa simu za Samsung lipo jambo jingine: tangu mwaka 2013 nyingi zina fyuzi ndogo ndani ya chipu inayoungua mara famuwea isiyo rasmi inapowekwa. Kuanzia hapo hesabu yake husoma 0x1 badala ya 0x0, na huduma kama Secure Folder huzima moja kwa moja. Famuwea halali ikirudishwa, simu itawaka vizuri na itaonekana mpya, lakini fyuzi iliyoungua haiungiki.

IMEI si lakiri

Wauzaji wengi wakiulizwa uhalali wa simu hutaja TCRA. Hapo panahitaji kutenganishwa mambo mawili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilitaka kuwepo rejesta ya namba za utambulisho wa vifaa. Rejesta hiyo ilizinduliwa mwezi Desemba 2015, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zikazimwa kote nchini, Bara na Visiwani. Kenya ilikuwa imezima zake mwaka 2012. Katika kampeni ile wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili kupata namba ya IMEI yenye tarakimu 15, kisha kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 na kusubiri jibu la jina la kampuni na aina ya simu.

Zoezi lile lilisafisha soko kwa kiasi kikubwa, na ukaguzi huo bado ni wa maana. Lakini IMEI ni namba ya chombo, kama namba iliyoandikwa ubavuni mwa jahazi. Haisemi lolote kuhusu kilichopakiwa ndani. Simu halali kabisa, yenye IMEI inayokubalika, inaweza kuwa imefunguliwa na kujazwa famuwea ya mtu asiyejulikana. Kinyume chake pia huwezekana: fundi anayebadili IMEI, jambo ambalo sheria ile ile inaliita kosa, hupendelea simu ambayo bawabu wake ameshalazwa. Kwa hiyo jibu zuri la IMEI ni nusu ya ukaguzi.

Mwenye lakiri anapokosea

Kufikia hapa inaweza kudhaniwa kuwa simu ya kijani haina shaka. Sivyo. Saini inathibitisha mambo mawili tu: nani aliifunga famuwea, na kwamba haijaguswa tangu ilipofungwa. Haithibitishi kuwa aliyeifunga alikuwa mwangalifu. Kama makonyo yalitiwa gunia likiwa bado ghalani, lakiri itakuwa nzima na karafuu itakuwa chafu.

Afrika inao mfano wake. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Upstream, kupitia kitengo chake cha Secure-D, ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa na programu hasidi ziitwazo xHelper na Triada zikiwa zimeingia tangu mwanzo, hasa katika Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Programu hizo zilikuwa zikimwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua, zikila salio lake. Secure-D ilisema ilizuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion, wenye jina la Tecno, walieleza kuwa chanzo kilikuwa mhusika mmoja katika mlolongo wa ugavi, na kwamba walishatoa masasisho ya kurekebisha. Hakuna fundi wa mtaani aliyehusika. Walaji walionunua simu mpya, ndani ya boksi, kwa bei ya dukani, waliuziwa hasara.

Jinsi makonyo yanavyoingia ghalani ilielezwa na Google mwaka 2019. Kiwanda kidogo kinapotaka kitu ambacho Android haina, kwa mfano njia ya kufungua simu kwa uso, humpa mkandarasi famuwea yote ili aongeze. Mkandarasi huirudisha, kiwanda huitia saini bila kuichambua, na mzigo huondoka. Triada iliingia katika simu kadhaa za bei nafuu kwa njia hiyo.

Njia nyingine ni muhuri wenyewe kutoka mikononi mwa mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022 Łukasz Siewierski wa kikosi cha usalama wa Android alifichua kwamba programu hasidi zilikutwa zimetiwa saini kwa vyeti vya kampuni kubwa zikiwemo Samsung, LG na MediaTek. Vyeti hivyo havikuwa vya kufungulia butiloda, bali ni vile vinavyoipa programu mamlaka makubwa ndani ya Android. Kwa mlaji tofauti hiyo ni ndogo.

Yapo pia makampuni ya hali ya chini ambayo hayajisumbui hata kuwa na muhuri wao. Google hutoa bure pamoja na Android funguo za majaribio, ambazo kila mtu duniani anazo, ili wahandisi wajifunzie. Simu iliyofungwa kwa funguo hizo ni sawa na ghala lenye kufuli ambalo ufunguo wake unauzwa kila duka la vyuma. Katika baadhi ya simu hali hiyo husomeka kwenye maelezo ya toleo, ambapo badala ya neno release-keys huandikwa test-keys.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu za kuigiza, zile zinazofanana na aina mashuhuri lakini zimetengenezwa na mtu mwingine. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kuwa imekuta Triada mpya ndani ya famuwea za simu za kuigiza, na kwamba watumiaji zaidi ya 2,600, wengi wao Urusi, walikuwa wamekutwa nayo katika wiki mbili za mwezi Machi. Kwa simu kama hizo habari ya lakiri haina maana yoyote, kwani aliyetengeneza chombo, famuwea na lakiri ni mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa visanduku vya televisheni vya Android vinavyouzwa pamoja na simu katika maduka mengi: mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi dhidi ya wanaouendesha mtandao huo, ikisema umeshika vifaa zaidi ya milioni 10.

Dakika tano kabla ya kulipa

Kwa mfanyabiashara wa kawaida ukaguzi hauhitaji kompyuta. Simu izimwe kabisa mbele ya mnunuzi na kuwashwa upya, naye aitazame tangu nembo ya kwanza mpaka mwisho. Ujumbe wowote wa onyo, hata wa sekunde moja, ni sababu ya kuanza upya mazungumzo ya bei. Muuzaji anayekataa kuizima kwa kisingizio cha chaji ameshajibu swali.

Baada ya hapo ni kuingia katika duka la Google, kugusa picha ya akaunti, kisha mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu programu hiyo. Chini hapo simu husema kama imeidhinishwa na Play Protect au la. Ni ukaguzi mzuri kuliko kutazama boksi, maana boksi huchapishwa popote. Katika mipangilio ya simu yenyewe itazamwe tarehe ya kiraka cha usalama. Simu yenye lakiri nzima lakini yenye kiraka cha miaka mitano nyuma imelindwa dhidi ya fundi wa mtaani, haikulindwa dhidi ya matundu yaliyogunduliwa tangu hapo, na bei yake inastahili kuakisi hivyo.

Kwa Samsung, simu huzimwa, vitufe vyote viwili vya sauti hushikwa pamoja huku waya uliounganishwa na kompyuta ukichomekwa, na maandishi madogo yanayotokea yataonyesha kama fyuzi ni 0x0 au 0x1. Wanunuzi wa jumla huko Deira hufanya hivyo kabla ya kutaja bei, na hakuna sababu ya mnunuzi wa Unguja kulipa bila kufanya vivyo hivyo.

Mwenye mtaji anayempa msafiri fedha yuko katika hali ngumu zaidi kwa kuwa hayupo sokoni. Kinachowezekana ni kuandikiana. Makubaliano mengi ya mizigo ya Dubai hutaja aina, ukubwa wa hifadhi na daraja la kioo, A au B, na kuishia hapo. Kuongeza mstari mmoja kwamba kila simu iwe na butiloda iliyofungwa, na kwa Samsung isomeke 0x0, hakumgharimu mtu kitu, na humpa msafiri silaha ya kubishania bei kule kule. Kwa wanunuzi wa rejareja, risiti iandikwe hivyo hivyo pamoja na IMEI. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar ina kazi ya kumlinda mlaji, lakini malalamiko yasiyo na karatasi husikilizwa kwa shida.

Mafundi wa Darajani watasema, na wana haki, kwamba kuflashi si uhalifu. Simu iliyogoma baada ya sasisho kukatika katikati, au iliyosahauliwa namba ya kufungulia na mwenyewe, huokolewa kwa kuflashi, na famuwea ya kiwanda ikirudishwa ikiwa na saini yake, butiloda ikiwa haikuguswa, simu inabaki ya kijani kama ilivyotoka. Fundi wa namna hiyo hufanya kazi mchana, mlango wazi, na akiulizwa toleo alilolitia hulitaja. Anayemrudishia mteja simu yenye ujumbe wa machungwa na kumwambia "usiijali hiyo" ameipunguza thamani mali ya mtu, na malipo yake yanafaa kujadiliwa kwa msingi huo.

Ipo hatari moja kwa wenye haraka. Wauzaji wengine, wakishajua kuwa rangi ya machungwa inawashushia bei, hukimbilia kuifunga tena butiloda bila kwanza kurudisha famuwea ya kiwanda. Bawabu huamka, hukuta mzigo usio na lakiri, hukataa, na simu hufa kabisa. Kwa baadhi ya aina haiamki tena bila vifaa vya kiwandani, na simu iliyokuwa ya shilingi 140,000 inauzwa kwa bei ya kioo chake.